Magunia matatu ya viazi, shilingi trilioni 650

*Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya TEHAMA mwaka wa kwanza, chuo kimoja hapa Mbeya, na naishi Uyole. Mpaka sasa tumefundishwa kupokea kitu kutoka kwa mtumiaji, hesabu za kawaida, na `if`. Mwalimu akieleza naelewa kabisa, ila nikibaki peke yangu na skrini tupu sijui nianzie wapi. Nilijaribu kumtengenezea mama programu ndogo, yeye anauza viazi Mwanjelwa. Nikaweka magunia 3, bei 65000, ikanijibu 650006500065000. Nimepakua mazoezi kibao mtandaoni, lakini mengi ni ya Fahrenheit na bakshishi za mgahawani. Nifanye yapi, na nianze na lipi? Natumia simu, sina kompyuta.*

Marahaba, binti. Tuanze na hizo trilioni 650 za mama, maana ndani yake kuna karibu nusu ya somo lote. Bila shaka uliandika kitu cha namna hii:

```
magunia = int(input("Magunia mangapi? "))
bei = input("Bei ya gunia moja? ")
print(magunia * bei)
```

Magunia umeyageuza kuwa namba, bei umeiacha ilivyo. Sasa `input` haijui kwamba ulichocharaza ni hela. Chochote kinachotoka kwenye kicharazio inakipokea kama maandishi, hata kiwe tarakimu tupu. Kwake 65000 ni alama tano zilizopangwa mstari mmoja, hazina tofauti na neno Uyole. Na Python, lugha ya programu unayotumia, ukiiambia izidishe maandishi kwa 3, inayarudia mara tatu. Andika `print(3 * "Uyole")` uone itakavyokujibu.

Ungesahau kuzigeuza zote mbili, programu ingegoma na kukuandikia `TypeError`. Hiyo ingekuwa nafuu kwako. Programu iliyogoma imekwambia kuna tatizo na mstari lilipo; iliyokupa jibu lisilo sahihi kwa utulivu inakuacha uende nalo sokoni. Hapa bahati yako trilioni 650 haziwezi kumdanganya mtu yeyote. Ungekuwa unajumlisha 3 na 4, ukapata 34, na viazi ni kilo, pengine ungelipita.

Dawa yake ni `int` kwenye mistari yote miwili, au `float` pale ambapo mtu anaweza kuweka nusu, kwa mfano gunia 2.5. `int` inakataa maandishi yenye nukta, kwa hiyo chagua kulingana na kitu unachokihesabu: watu, magunia mazima na shilingi ni `int`, kilo na lita ni `float`. Kisha kuna jambo ambalo kwenye vitini hutalikuta. Mama yako akipewa hiyo programu ataandika 65,000 na mkato wake, kama anavyoandika kwenye daftari la mauzo, na `int` itakataa kwa `ValueError`. Ondoa mkato kabla ya kugeuza:

```
bei = int(input("Bei ya gunia moja? ").replace(",", ""))
```

Na kama kwenye vitini vyenu kuna `raw_input`, au `print` isiyo na mabano, hivyo ni vya Python 2. Python 3 ilitoka mwaka 2008, na ile ya zamani iliachwa kuhudumiwa rasmi tangu tarehe 1 Januari 2020. Usipoteze usiku wako kushangaa kwa nini msimbo wa kitini haukubali kwenye simu.

Sasa nije kwenye lililo zito zaidi: kuelewa darasani na kukwama nyumbani. Mwalimu akiwa ubaoni anakuonyesha majibu ya swali ambalo yeye ameshalitatua. Wewe unafuata mistari, kila mstari una maana, unatikisa kichwa. Nyumbani unatakiwa kufanya kazi ambayo yeye hakuifanya mbele yako, nayo ni kujua jibu linatakiwa liweje kabla msimbo haujakuwepo. Ndiyo maana skrini tupu inakutisha. Basi usianze na skrini. Chukua daftari, andika maingizo matatu au manne, na mbele ya kila moja andika jibu lake ulilolikokotoa kwa mkono. Moja liwe la kawaida. Moja liwe mpakani kabisa, pale ambapo uamuzi unabadilika. Moja liwe la kijinga, namba hasi au sifuri, maana kuna mtu ataliandika tu. Ukishindwa kuyapata hayo majibu kwa kalamu, tatizo lako halipo kwenye Python, na hakuna kiasi cha kucharaza kitakachokusaidia. Ukiyapata, utagundua kwamba hatua ulizopitia kwa kalamu ndiyo programu yenyewe, bado kuziandika tu.

Kwa utaratibu huo hutahitaji mazoezi kibao. Matano yaliyochimbwa yanatosha kwa hatua uliyopo. Yale ya Fahrenheit na bakshishi si mabaya, ila hayakusaidii, kwa sababu huna hisia ya jibu sahihi. Programu ikikwambia bakshishi ni 15.7 utajuaje kama imekosea? Ikikwambia chenji ya elfu kumi ni elfu kumi na mbili, utashtuka hapo hapo. Anza na hesabu ambazo kichwa chako kinazifanya kila siku bila kuombwa.

Chenji

Mteja amenunua vitu vya 3,650, ametoa noti ya 10,000. Chenji ni 6,350. Muuza duka hakupi sarafu za hamsini mia na ishirini na saba. Anaanza na noti kubwa anayoweza kutoa, anashuka. Kwenye daftari: 6,350 ina elfu tano moja, inabaki 1,350. Elfu mbili haipo ndani yake. Elfu moja ipo, inabaki 350. Mia tano haipo, mia mbili moja, inabaki 150, mia moja, halafu hamsini.

Kila hatua uliuliza mambo mawili: inaingia mara ngapi, na inabaki ngapi? Python ina alama kwa kila moja. `//` inagawa na kutupa sehemu inayozidi, `%` inakupa baki. Na `elif` utakayoiona hapa chini ni "la sivyo, kama": huulizwa pale tu sharti la juu yake lisipotimia.

```
bei = int(input("Bei: "))
alichotoa = int(input("Mteja ametoa: "))
chenji = alichotoa - bei

if chenji < 0:
    print("Bado anadaiwa", -chenji)
elif chenji == 0:
    print("Hakuna chenji")
else:
    elfu_tano = chenji // 5000
    baki = chenji % 5000
    elfu_mbili = baki // 2000
    baki = baki % 2000
    print("5,000:", elfu_tano, " 2,000:", elfu_mbili, " bado:", baki)
```

Endelea mwenyewe hadi hamsini. Halafu jaribu bei ya 3,630. Zitabaki shilingi ishirini ambazo hazina sarafu mkononi mwa mtu. Programu ifanye nini, iseme, inyamaze, impunguzie mteja? Hakuna jibu la kitabu hapo. Uliza mwenye duka.

Usitumie alama ya `/` kwenye zoezi hili. Yenyewe hutoa namba yenye nukta hata pale mgawanyo unapokamilika: `6 / 2` ni 3.0. Na namba zenye nukta zina tabia yake ndani ya kompyuta, kwa sababu huhifadhiwa kwa mfumo wa jozi, yaani tarakimu 0 na 1 tu, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa mfumo huo. Mwambie Python akujumlishie 0.1 na 0.2, atakupa 0.30000000000000004. Wenzetu wenye senti wanahangaika sana na hilo. Sisi shilingi zetu ni nzima, baki nazo kwenye `int` uepuke balaa.

Lumbesa

Hili ni fupi. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wanalisemea jambo hilo kila msimu. Programu ipokee uzito, iseme gunia ni halali au ni lumbesa. Mistari mitano tu, na hakuna hesabu yoyote. Kwa nini nakupa basi? Kwa sababu ya kilo 100 kamili. "Halitakiwi kuzidi" maana yake 100 yenyewe inaruhusiwa, kwa hiyo sharti ni `uzito > 100`, si `uzito >= 100`. Alama moja ya usawa, na mkulima wa Isongole aliyepima vizuri ameandikiwa faini. Kila unapoandika sharti, jiulize namba ya mpakani inaangukia upande gani, na jibu ulitoe kwenye maneno ya kanuni yenyewe, siyo kwenye mazoea ya vidole vyako.

Madaraja ya mtihani

Kidato cha nne ulifanya juzi, hii unaijua kwa uchungu. A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, chini ya hapo F. Wanafunzi wengi huandika hivi, na nasema wengi kwa sababu kila mwaka nasahihisha:

```
if alama >= 65 and alama <= 74:
    daraja = "B"
```

Inaonekana safi, imenakili jedwali neno kwa neno. Sasa weka 74.5, wastani wa majaribio mawili. Haimo kwenye B, haimo kwenye A, imetumbukia katikati. Jedwali liliandikwa kwa alama nzima; wewe umeliruhusu lipokee nukta bila kuziba nyufa. Njia nzuri ni kushuka kutoka juu na kuacha kila ngazi imalizie pale iliyotangulia ilipoishia:

```
if alama < 0 or alama > 100:
    print("Alama hiyo haipo")
elif alama >= 75:
    print("A")
elif alama >= 65:
    print("B")
elif alama >= 45:
    print("C")
elif alama >= 30:
    print("D")
else:
    print("F")
```

Hapa kila `elif` inabeba siri ya waliotangulia. Ikifika kwenye 65, tayari inajua alama haikufika 75, kwa hiyo hakuna haja ya kuiuliza tena. 74.5 inapata B na hakuna anayebaki nje.

Ukishalifanya, liharibu kwa makusudi. Nalisisitiza hili kuliko lolote. Geuza mpangilio, anza na 30 kwenda juu: kila aliyefaulu atapata D, hata mwenye 98, kwa sababu sharti la kwanza lililotimia linafunga mlango kwa yaliyobaki. Rudisha mpangilio, kisha mahali pa kila `elif` weka `if`, na ile `else` ya mwisho iandike `if alama < 30`. Mwenye 80 atatangaziwa A, B, C na D kwa pamoja, maana sasa kila swali linaulizwa peke yake. Kabla ya kuendesha kila toleo, andika kwenye daftari unachotegemea kitokee. Pale ambapo daftari na skrini vimepishana ndipo penye kitu ambacho bado hujakielewa, na hapo ndipo pa kumwuliza mwalimu wako. Utakuwa na swali kamili la kumpelekea badala ya kusema "sijaelewa if".

La kujifanyia: divisheni. Masomo saba bora, A ni pointi 1 na F ni pointi 5. Daraja la kwanza pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, sifuri 34 na 35. Programu ikipokea 6 lazima ikatae. Tafuta sababu.

Kodi ya mshahara

Huko vyuoni zoezi hili hupewa likiwa na viwango vya kubuni, nami sioni kwa nini, wakati vya kweli vipo. Kwa Tanzania Bara, viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza Julai 2021 ni hivi, kwa mwezi. Hadi 270,000 hakuna kodi. Kuanzia hapo hadi 520,000, asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Hadi 760,000, ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Hadi 1,000,000, ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Zaidi ya milioni, 128,000 na asilimia 30 ya kinachozidi. Kipato kinachohesabiwa ni kile kilichobaki baada ya kukata mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii.

```
if kipato <= 270000:
    kodi = 0
elif kipato <= 520000:
    kodi = (kipato - 270000) * 8 / 100
elif kipato <= 760000:
    kodi = 20000 + (kipato - 520000) * 20 / 100
elif kipato <= 1000000:
    kodi = 68000 + (kipato - 760000) * 25 / 100
else:
    kodi = 128000 + (kipato - 1000000) * 30 / 100
```

Mabano usiyaache. Kuzidisha hutangulia kutoa, kwa hiyo ukiyaondoa, Python itakokotoa kwanza asilimia 8 ya 270,000, kisha iitoe kwenye kipato chote, na mtu wa laki nne atatozwa 378,400.

Uzuri wa zoezi hili ni kwamba linajipima lenyewe. Zile 20,000, 68,000 na 128,000 hazikutoka hewani. Chukua 520,000, mpaka wa ngazi ya pili: inazidi 270,000 kwa 250,000, na asilimia 8 yake ni 20,000. Ndiyo namba inayoanza ngazi ya tatu. Kila mpaka ukokotoe kwa njia ya ngazi ya chini na ya juu, lazima zikutane. Zisipokutana, kuna namba umekosea kucharaza.

Kosa lenyewe la zoezi hili liko kichwani kuliko kwenye msimbo. Mwanafunzi anaona mtu wa 600,000 yuko kwenye asilimia 20, anazidisha yote na kupata 120,000. Jibu ni 36,000. Na huko maofisini utakuta watu wazima, wenye vyeti ukutani, wanaoogopa nyongeza ya mshahara kwa sababu "nitapanda ngazi, kodi itanila". Wape programu yako. Mtu akitoka 520,000 kwenda 521,000, kodi inapanda kutoka 20,000 hadi 20,200. Ameongezwa elfu moja, amekatwa mia mbili.

Saa ya kwetu

Hili ndilo nalipenda kuliko yote, na sijaliona kwenye mkusanyiko wowote wa mazoezi wa Kiingereza, kwa sababu dhahiri. Simu inasema 06:00, wewe unasema saa kumi na mbili asubuhi. Msafiri mgeni anaambiwa basi la Dar linatoka Mbeya saa kumi na mbili, anafika stendi saa sita mchana na begi lake. Andika programu inayopokea saa ya simu, 0 hadi 23, na kuitaja kwa Kiswahili.

Daftari kwanza. 7 ni saa moja, 9 ni saa tatu, 12 ni saa sita. Unatoa 6. 19 ukitoa 6 unapata 13, lakini ni saa moja usiku. Basi baada ya kumi na mbili tunaanza upya, na kuanza upya ni kazi ya `%`. Kwa hiyo `(saa - 6) % 12`. Jaribu mpakani: saa 6 inatoa sifuri, na hatuna saa sifuri. Hapo ndipo `if` inapoingia.

```
saa = int(input("Saa kwenye simu, 0 hadi 23: "))

yetu = (saa - 6) % 12
if yetu == 0:
    yetu = 12

if saa < 4:
    kipindi = "usiku"
elif saa < 6:
    kipindi = "alfajiri"
elif saa < 12:
    kipindi = "asubuhi"
elif saa < 16:
    kipindi = "mchana"
elif saa < 19:
    kipindi = "jioni"
else:
    kipindi = "usiku"

print("Saa", yetu, kipindi)
```

Mipaka ya vipindi ni yangu, ibishie ukitaka; kuna watakaotaka alasiri iwepo, na wana haki. Cha kutazama ni usiku kutokea mara mbili, mwanzoni na mwishoni, kwa sababu usiku mmoja umekatwa katikati na saa sita.

Halafu weka 3. Tatu toa sita ni hasi tatu, na hasi tatu kwa `%` ya kumi na mbili, Python inakupa 9. Saa tisa usiku, sahihi kabisa. Usidhani kila lugha itakufanyia hisani hiyo. Kwenye C au JavaScript hesabu ile ile inatoa hasi tatu, na hakuna saa hasi tatu usiku. Mkifika huko, jumlisha 6 badala ya kutoa 6: baki ni lile lile, na namba haishuki chini ya sifuri.

Umeuliza habari ya simu. Inatosha kwa haya yote. Pydroid 3, programu ya kuandikia na kuendesha Python, inafanya kazi kwenye Android bila bando ukishaiweka. Tahadhari moja: usiandike msimbo kwenye WhatsApp kisha ukaunakili. Kicharazio cha meseji hukugeuzia `if` kuwa `If` mwanzoni mwa mstari, kinaweza kupinda alama za kunukuu, na nafasi za mwanzo wa mistari zinaweza kupotea, ilhali Python hutegemea nafasi hizo kujua mstari upi uko ndani ya `if` ipi. Andika ndani ya Pydroid moja kwa moja.

Kabla sijakuachia kazi, mtego mmoja utakaokutana nao ukianza kupokea maneno badala ya namba. Utamwuliza mtumiaji kama anaendelea, na kwa kuwa nusu ya watu huandika ndiyo na nusu ndio, utaandika:

```
if jibu == "ndiyo" or "ndio":
```

Programu itaendelea hata mtu akiandika hapana. Python inasoma pande mbili za `or` kila upande kivyake: upande wa kwanza ni swali, wa pili ni neno "ndio" limesimama peke yake, na neno lolote lisilo tupu Python hulichukulia kuwa kweli. Andika `jibu == "ndiyo" or jibu == "ndio"`. Na juu yake ongeza `jibu = jibu.strip().lower()`, ili herufi kubwa na nafasi iliyobaki mwishoni zisikuharibie. Kicharazio cha simu hupenda sana kuongeza hiyo nafasi.

Utahitaji hilo kwa kazi yenyewe: geuza saa upande wa pili. Mtumiaji aandike saa ya Kiswahili, namba kwanza, kisha kipindi. Programu itoe saa ya simu. Ni ngumu zaidi, kwa sababu saa tatu ni mbili, 9 na 21, na kipindi ndicho kinachoamua. Majibu ya kuweka kwenye daftari kabla hujaanza: saa 3 asubuhi ni 9, saa 6 mchana ni 12, saa 11 jioni ni 17, saa 5 usiku ni 23, saa 6 usiku ni 0, saa 9 usiku ni 3, saa 11 alfajiri ni 5. Hayo yatakubali kwa kanuni mbili, moja ya mchana na moja ya usiku. Kisha jaribu saa 12 asubuhi, ambayo ni 6, saa 12 jioni, ambayo ni 18, na saa 1 jioni kama wengine wanavyosema, ambayo ni 19. Jioni imelala upande wa mchana kwa saa 10 na 11, na upande wa usiku kwa saa 12 na 1, kwa hiyo neno peke yake halitakutosha. Sharti lako itabidi litazame na namba. Ukikwama, nitumie daftari, picha ya ukurasa inatosha. Msimbo nitautazama baadaye.